Mtoto akisema ameshiba, ameshiba

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp wiki hii, na imenikera hasa. Mtoto wa mwaka na kitu amebanwa mapajani, mkono mmoja umemminya mashavu, mwingine unamshindilia kijiko. Anageuza uso. Anatema. Anarudishiwa kile kile alichotema. Anayerekodi anacheka, na chini watu wazima na akili zao wanaandika: "Sisi tulilelewa hivyo hivyo, mbona tumekua?" Tumekua, naam. Na wengi wetu hatujui kuacha kula mpaka sahani iwe nyeupe.

Malalamiko ya "mtoto wangu hali" huanza hasa baada ya kutimiza mwaka, na mara nyingi ukaidi haumo kabisa. Aliyezaliwa na kilo 3 anafikia kama 9 anapotimiza mwaka mmoja. Mwaka wa pili wote anaongeza kilo 2 na ushei, basi. Kasi ya kukua ikishuka hivyo, njaa nayo inashuka. Leo atakula mpaka mshangae, kesho vijiko vitatu na bakuli analisukuma. Mwili wake unajua unachohitaji. Anayebabaika ni mwenye kijiko.

Mtaalamu wa lishe Mmarekani, Ellyn Satter, amelisema hili kwa miaka mingi na kwa lugha nyepesi: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto aamue kama atakula na atakula kiasi gani. Ukimsomea mzazi maneno hayo anaitikia kwa kichwa, halafu dakika mbili baadaye, "Haya, kijiko cha mwisho, cha mama. Sasa cha baba. Cha bibi." Ukoo mzima unapitishwa kwenye koo la mtu mdogo aliyekwisha kusema hapana!

Halafu kuna ile biashara ya "maliza mboga nikupe peremende". Jamani. Hapo umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na peremende ni tuzo, kisha unashangaa kwa nini anazichukia mboga. Chakula kigeni huenda akahitaji kuletewa mara 10 au zaidi kabla hajakikubali. Mara nyingine atakigusa tu, au atakilamba na kukirudisha sahanini. Hiyo nayo ni hatua. Wewe kula chako mbele yake kwa raha, usimkodolee macho.

Najua mtakuja na "je, anayekonda?" Haya, nakubali. Mtoto ambaye uzito wake umesimama au unapungua, aliyelegea, au anayepaliwa kila akimeza, huyo apelekwe kliniki, tena upesi. Na anayeugua au anayetoka kuugua anahitaji kubembelezwa, apewe kidogo kidogo mara nyingi. Lakini hata huyo anabembelezwa, habanwi pua.



Ila kabla hujatangaza kwamba mtoto hali, hesabu alichokunywa tangu asubuhi. Chupa ya maziwa alipoamka, juisi saa nne, maziwa tena kabla ya chakula cha mchana "angalau apate kitu tumboni". Tumbo lenyewe dogo, limeshajaa, halafu unamwekea sahani na kumwita msumbufu. Na msiniambie juisi ni matunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi, hata ile uliyokamua mwenyewe, kwenye kapu moja na sukari ya kwenye soda, na linataka sukari ya kapu hilo isifike asilimia 10 ya nishati yote tunayokula. Mpe tunda lenyewe alitafune, na kiu ikimshika mpe maji. Jaribu wiki moja, halafu uje hapa uniambie kama bado hali.