Mtumishi, Hayo Hukupewa

Juzi nilikuwa msibani Gungu, hapa Kigoma. Sisi wanawake tulikuwa ndani kwenye mikeka, mfiwa katikati yetu. Nje turubai, viti vya plastiki na spika mbili za kukodi zilizogeuziwa dirisha letu. Binti kafa kwa uzazi, mtoto kabaki. Mama yake hakuwa ametia kitu mdomoni tangu habari ifike. Bibi mmoja muuza mawese alikuwa amemshikia kikombe cha uji wa ndimu, anambembeleza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, funda moja. Moja tu, nami nakuacha." Na midomo ya yule mama ilikuwa imeanza kufunguka.

Ndipo huko nje mtumishi akapewa kipaza sauti.

Akaanza kwa kututangazia kwamba hakuandaa kitu. "Mimi siji na karatasi, Roho hunipa saa ileile." Amina zikasikika. Kisha Roho, kwa mujibu wake, akampa haya: Mungu ana bustani, na ua zuri ndilo huchumwa mapema. Huenda binti angeishi angekuja kuharibikiwa, kwa hiyo Mungu kamuwahi. Kulia sana ni imani haba. Na katika yote hayo alikuwa akimtaja marehemu kwa jina la dada yake, ambaye yuko hai na tulikuwa naye mle ndani, kampakata kichanga. Wala si mara moja.

Uji ulirudi jikoni kama ulivyokuja.

Ukilalamika unaambiwa, "Dada, usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Simgusi. Nataka tu anioneshe hiyo ahadi anayoitumia ameisoma wapi, maana mimi nimeisoma na sikumwona humo.

Ni Mathayo 10:19: "msifikiri-fikiri jinsi mtakavyosema, maana mtapewa saa ile mtakayosema." Tamu kweli. Lakini rudi nyuma kidogo uone wanaoambiwa ni akina nani. Ni watu wanaoburutwa mabarazani, wanaopigwa katika masinagogi, wanaosimamishwa mbele ya maliwali na wafalme. Nenda Marko 13, nenda Luka 12 na 21, utawakuta walewale: wamekamatwa. Hawakuomba nafasi ya kuongea. Hawakupangwa kwenye ratiba kati ya salamu za ukoo na historia ya marehemu. Bwana anawaambia watu wenye hofu wasikeshe wakitunga utetezi, kwa sababu Baba hatawaacha peke yao kizimbani. Mtumishi wetu alikamatwa na nani? Alipigiwa simu jana yake asubuhi, akatumiwa bodaboda, akawekewa maji ya chupa mezani.

Halafu hata hao waliokamatwa hawakwenda watupu. Matendo 4, Petro na Yohana wako mbele ya wakuu na wazee kule Yerusalemu, wavuvi wasio na elimu. Petro akajaa Roho Mtakatifu, akanena. Akanena nini? Humo ndani mna jiwe lililokataliwa na waashi, yaani Zaburi ya 118, zaburi ambayo Yesu mwenyewe aliitumia kuwajibu viongozi hekaluni. Petro hakuibuni pale kizimbani. Wakuu wenyewe walielewa inakotoka, "wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu." Na Yohana 14:26 inasema Roho atawakumbusha yote niliyowaambia. Utakumbushwaje usichowahi kukisikiliza? Hakuna mvuvi wa Kibirizi anayeingia ziwani na nyavu zilizotoboka akisema Mungu atazishona hukohuko majini. Ila tukishika maiki, ghafla uvivu unaitwa upako.

Ninayempenda zaidi katika habari hii ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme, aliyetamani kwenda kuujenga upya Yerusalemu. Mfalme Artashasta anamgeukia, anamuuliza, una haja gani? Nehemia anasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," papo hapo, ombi fupi la moyoni, kisha anajibu. Watu wa "Roho hunipa" huwa wanaishia hapo. Endelea kusoma sasa. Anao muda wa safari tayari. Anazitaka barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto. Anataka barua nyingine kwa Asafu, mwenye kuutunza msitu wa mfalme, na anajua miti itakwenda wapi: malango ya ngome, ukuta wa mji, nyumba atakayokaa yeye. Kuanzia mwezi wa Kisleu hadi Nisani, kama miezi minne, alikuwa analia, anafunga, anaomba na, ni wazi kabisa, anapiga hesabu. Mtu alimjua kwa jina mtunza msitu! Mtumishi wetu hakujua jina la marehemu, na daftari la rambirambi lilikuwa mezani mbele yake, jina limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu. Eti hayo kapewa na Mungu yuleyule wa Isaya 43 anayesema "nimekuita kwa jina lako." Huyo ninayemjua mimi hachanganyi majina.

Musa alisema ulimi wake ni mzito, Yeremia akasema yeye ni mtoto. Sijamwona katika Biblia aliyepewa maneno kwa sababu alipenda kusikika.

Tuje kwenye ile kauli ya "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," ambayo siku hizi kila mgeni anaitoa mfukoni kama nauli. Ayubu 1:21 aliyeisema ni mfiwa. Joho limeraruliwa, kichwa kimenyolewa, watoto wote wamekwenda. Ni yake kuisema. Wewe uliyewaacha wanao nyumbani wanakula ugali na migebuka, isubiri zamu yako, na Mungu akuepushie. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na katika sura zote 42 za kitabu hicho sioni kitu kingine walichokifanya vizuri kama hicho. Walipofungua vinywa, ilifika mahali Mungu akawaka hasira: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu." Na hao walikuwa wanamtetea Mungu! Mimi hapo ndipo huwa naogopa.

Tatizo ni kwamba ukimya mbele ya watu unatutisha. Hapa kwetu Ujiji kuna mnara mzima kwa ajili ya sentensi ya mtu aliyetishika hivyo. Stanley, mwaka 1871, kasafiri miezi na miezi kumtafuta Livingstone, kamwona, anatamani kumkumbatia, lakini umati unamtazama. Akavua kofia na kutoa ile kauli yake ya kibaridi, "Dk. Livingstone, nadhani?", ambayo watalii huja kuirudia mpaka leo. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba woga na majivuno ndivyo vilivyomtuma. Angalau yeye alikiri.

Haya, nakubali, ingawa sipendi kuwapa nafasi: zipo saa ambazo hakuna maandalizi. Nilikuwa kwenye treni kutoka Tabora, tumeshapita Uvinza, dada mmoja akapokea simu akaanguka chini kwenye njia ya behewa. Kaka yake. Tukaanza wote kwa pamoja, jikaze, ni mapenzi ya Mungu, mpeni maji. Kijana mmoja, fundi simu, mkoba wa bisibisi begani, akachuchumaa pembeni yake akamuuliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Dada akamtaja. "Ulimfuata wewe au alikufuata?" Akaanza kueleza: alikuwa kitinda mimba, mbishi, wa mpira, aliwahi kuuza kuku wa mama ili anunue viatu vya mazoezi. Analia, anacheka kidogo, analia tena, mpaka taa za Kigoma zikaonekana. Tukiwa tunashuka nilimuuliza yule kijana amejifunza wapi. Akasema hajajifunza, alipoona dada anaanguka aliomba tu, "Bwana, nisimuumize."

Hayo naamini alipewa. Isaya 50:4 inataja ulimi unaojua kumtegemeza kwa maneno aliyechoka, na papo hapo inasema mwenye ulimi huo huamshwa sikio asubuhi baada ya asubuhi. Sikio, ndugu zangu.

Najua nitatupiwa 1 Wathesalonike 5:19, "Msimzimishe Roho." Naikubali yote, pamoja na mstari wa 21: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Basi kamati zetu za mazishi zianze kujaribu. Anayepewa neno la faraja aingie kwanza ndani, akae mkekani nusu saa na wafiwa, simu kaizima. Maiki itamkuta akitoka. Na akitoka akasema hana neno, MC asihangaike kumtafuta mwingine, aite kwaya.