Nywila ipo kwa kijana wa steshenari

Fundi mwenzangu wa hapa Majengo, Moshi, alinijia juzi analalamika: kikundi chao kimesajiliwa NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, tangu mwaka jana, mbona hawajapata hata tenda ya stuli? Nikamwambia, kaka, fungua akaunti tuone. Hana nywila. Nywila anayo kijana wa steshenari aliyewasajilia. Barua pepe ni ya kijana, namba ya simu ya kijana, na kijana mwenyewe kashahamia Arusha. Kama kuna mwaliko uliwahi kuja, ulipiga hodi nyumba isiyo na mtu.

Sisemi kujuana hakupo. Ila "tenda zina wenyewe" tunaisema hata kabla ya kufika mlangoni. Tangu Oktoba 2023 zabuni za serikali zimehamia NeST, mfumo wa zamani, TANePS, ukaachwa, na sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Usajili wa kikundi unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Hapo hahitajiki mjomba mkubwa.

Kwa maoni yangu, lakini, kushinda si kazi. Kazi ni kusubiri hela.

Tenda yangu ya kwanza ilikuwa seti 40 za meza na viti vya sekondari. Shilingi 3,600,000. Nilipoiona LPO, ile hati ya kuagiza mali, nilimpigia mke wangu simu kwanza, halafu muuza mbao, nikakopa mbao zote kwake. Siku ya kukabidhi, kamati ya mapokezi ikavikalia viti kimoja kimoja. Vitatu vikayumba, nikavirudisha karakana, nikalipa kirikuu mara ya pili. Sawa, kosa langu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikatoa, nikaambiwa malipo yako njiani.

Njia ilikuwa ndefu miezi minne. Muuza mbao akaanza kupita karakana asubuhi "kunisalimia tu". Hela ilipoingia, ilikuwa pungufu kwa 72,000: asilimia 2 ya kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ambayo sikuikumbuka nilipokuwa najaza bei. Kodi hiyo huhesabiwa kwenye mapato yako TRA, kwa hiyo haijapotea, lakini muuza mbao hapokei cheti cha kodi.

Sasa hivi, kabla sijajaza bei, namuuliza kwanza muuza mbao atanivumilia mpaka lini. Akisema mwezi mmoja, naomba tenda ndogo ninayoweza kuigharamia kwa hela yangu. Akisema mitatu, naomba kubwa kidogo.

Yule mwenzangu tumehangaika naye mpaka akaunti imerudi mikononi mwake, kwa namba yake. Tenda ya kwanza aliyoiona ni ya madawati 200. Nimemwambia aiache. Kaninunia, leo siku ya pili.