Tanzia ya Babu

Friji yetu ilipewa jina la Babu kwa sababu usiku ilikohoa kama yeye. Jumamosi moja ikakata roho. Nami, kwa kuwa nilipata kusoma fasihi kidogo, nikaona hapa pana parodi: unachukua mtindo wenye heshima zake, unausemesha jambo la kipuuzi, na anayeujua mtindo huo anacheka. Mwaka 1605 Cervantes, mwandishi wa Kihispania, alizichukua hadithi za mashujaa wapanda farasi, akamkabidhi ushujaa mzee mwenye farasi aliyekondeana. Mimi nikachukua matangazo ya vifo ya redioni, nikaandika kwenye kikundi cha familia:

“Kwa huzuni kubwa lakini kwa kuyakubali mapenzi ya Mungu, tunatangaza kifo cha Babu, kilichotokea leo alfajiri nyumbani Changamwe baada ya kuugua kwa muda mrefu. Siku za mwisho alitetemeka na kutokwa na maji usiku kucha. Wataalamu watatu walijitahidi, haikuwezekana. Ameacha nyanya tatu na nusu kilo ya samaki. Habari ziwafikie fundi wa gesi na muuza barafu, popote walipo.”

Nikacheka peke yangu, nikaweka simu chaji, nikalala.

Kosa langu ni kuuficha mzaha mkiani. Ujumbe ukiingia kwenye simu, yanayoonekana ni maneno ya kwanza tu. Na waliofika mwisho je? Shangazi wa Voi alifika penye “nyanya tatu” akapiga yowe: kumbe mzee alikuwa na wake wawili wa pembeni! (Nyanya wa watu ni watatu, tatu ni za sokoni. Lakini nani hukagua ngeli huku analia?)

Saa kumi jioni Shangazi akashuka kwenye boda na sufuria mbili za matanga. Jirani alikwisha funga turubai. Kwenye M-Pesa yangu mlikuwa na rambirambi, shilingi 4,700. Nikamwongoza Shangazi hadi jikoni, nikamwonyesha marehemu. Akaitazama friji. Akanitazama mimi. Akashika mwiko.

Aliyeniokoa ni Babu mwenyewe, aliyepanda matatu kutoka Mariakani baada ya kusikia amekufa. Wala hakukasirika. Aliketi, akaitisha chai, akataka asomewe waliochanga.

“Elfu nne na mia saba,” akasema. “Mimi?”

Akaamuru orodha isomwe tena, polepole, safari hii akisikiliza jina langu.