Askari wa Risasi Asipakwe Rangi Upya

Katika Kiswahili, madini yale laini ya kijivu na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki vina jina moja: risasi. Nilipokuwa mtoto hapa Moshi sikuona ajabu kwamba wale askari wadogo wa kuchezea wa babu waliitwa askari wa risasi. Nilidhani wameitwa hivyo kwa sababu ya kazi yao. Babu alikuwa mpishi katika shamba la kahawa upande wa Kibosho, na mzungu mwenye shamba alipofunga virago baada ya Uhuru alimwachia sufuria mbili pamoja na kopo la biskuti lenye askari kumi na saba, ambao bila shaka watoto wake walikwisha kuwachoka.

Wengi wao walikuwa kazi ya kampuni ya Britains ya London, iliyoanza mwaka 1893 kuuza askari wenye uwazi ndani. Fundi alimimina risasi iliyoyeyushwa katika kalibu, akangoja kidogo tu hadi ganda la nje ligande, kisha akaipindua kalibu na kuimwaga ile iliyokuwa bado majimaji. Madini yaliyotumika yalikuwa machache, kwa hiyo askari huyo aliuzwa kwa bei nafuu kuliko wale wa Ujerumani waliojaa hadi ndani. Uwazi huo ndio uliowaletea ugonjwa wao mkuu, yaani kuvunjika shingo, na ndio uliowapa dawa yake pia, kwa kuwa njiti ya kiberiti iliingia barabara kwenye tundu la shingo na kichwa kikapachikwa juu yake. Babu aliwatibu hivyo wengi, akiichonga njiti kwa kisu kile kile cha kumenyea ndizi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka kwa mchora mabango mmoja awapake rangi upya, naye akanirudishia kikosi kinachong'aa kama geti la nyumba mpya. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimshika yule mpanda farasi na kugundua kwamba sijui tena vidole vyetu vilikuwa vikimshika wapi, maana zamani rangi ilikuwa imelika mabegani mwake na shingoni mwa farasi, na chini yake risasi ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa. Nililipa fedha zangu ili kufuta utoto wangu, na wa watoto wengine walionitangulia. Wakusanyaji wa vitu hivi huipa thamani kubwa zaidi rangi ya kiwandani, hata iliyobanduka, kuliko rangi mpya, na sasa nawaelewa.

Siidharau plastiki. Ndege za Airfix za kuunganisha, zile za skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, zilinifundisha subira, kwa sababu gundi ikishika bawa likiwa limepinda, hakuna msamaha. Lakini huyo aundaye kifaru cha vita cha plastiki leo hununua unga wa kutu na rangi ya matope ili kifaru kionekane kimechakaa, ilhali mimi nilikuwa na uchakavu halisi nikaufunika. Wala sigombani na waliowaondoa askari hawa madukani. Risasi ni sumu, hasa kwa mtoto atiaye kila kitu kinywani, na Britains wenyewe waliacha kuwatengeneza mwaka 1966. Wakae kabatini, ila lisiwe kabati la mbao za mwaloni, kwani mvuke wa tindikali utokao kwenye mbao hizo huigeuza risasi kuwa unga mweupe.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nahifadhi majeshi ya mkoloni, na hilo si swali la kupuuza katika mji ambao Waingereza waliuteka kutoka kwa Wajerumani mwezi Machi 1916, huku Waafrika wakibeba bunduki na mizigo pande zote mbili. Babu naye hakuwapenda wote kwa usawa. Wenye koti jekundu aliwaita wageni, lakini mmoja mwenye tarabushi na sare ya kaki alimwita keya, kama walivyoitwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, na siku za sikukuu alimsimamisha peke yake juu ya redio. Mchora mabango hakumgusa huyo, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimechomoka tena na nilimwacha nyumbani. Jana nimemchongea njiti mpya. Kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, na rangi ya tarabushi imebaki nyuma tu, mahali ambapo kidole gumba hakikufika.