Kale kadoti ka lokesheni kanakulinda mpaka wapi?

Jumamosi moja mwaka jana binamu yangu alinitumia lokesheni ya laivu kwa WhatsApp, akaweka masaa 8. Alikuwa anatoka Nyalenda, hapa Kisumu, kwenda kuonana na kijana wameongea Facebook miezi miwili hivi na hawajawahi kuonana. Akaandika tu "dada niangalie", nikamjibu sawa. Nikaangalia kale kadoti kakitoka mtaani kakaingia tao, alafu nikaenda soko Kibuye, huko bando ikaisha na sikugundua. Kurudi nyumbani nashika Wi-Fi naona doti imeganda Milimani, mara ya mwisho kusonga ni masaa mawili yamepita. Napiga, simu imezimwa.

Alikuwa sawa, chaji ndio iliisha. Lakini ile nusu saa kabla anipigie na simu ya mtu mwingine sitaisahau. Sikujua jina la huyo kijana, sikuwa na namba yake wala picha, na doti ilikuwa imesimama katikati ya barabara, sio kwa nyumba ya mtu. Ningeingia kituoni niwaambie nini, ati kuna doti Milimani?

Tangu hiyo siku nasikiliza sana watu wakibishana juu ya hii kitu. Kuna wale wanasema simu ndio askari wako, washa lokesheni, weka apu, piga skrinshoti, uko salama. Na kuna wale wanasema hizo zote ni kujidanganya, kama unamwogopa mtu usiende. Hawa wa pili naelewa wanatoka wapi, lakini wananikasirisha kidogo, kwa sababu watu wataenda tu. Unanunua laptop ya sekondi kwa mtu wa Marketplace, unaenda kuangalia nyumba ya kupanga, unaenda intavyuu ya kazi umeona mtandaoni, unaenda deti. Na Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi, ndani ya vyumba vya kukodisha vya siku moja mbili, tarehe 27 mwezi huo huo watu wakajaa barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na bado mtandaoni kukawa na watu wanauliza alienda kufanya nini huko. Kumwambia mtu asiende ni rahisi, na akishaumia ni rahisi pia kumwekea lawama.

Zamani kwetu Waluo kulikuwa na jagam, mtu wa katikati anayeunganisha kijana na msichana. Jagam alikuwa anajua boma la huyu na la yule, anauliza kama kwao kuna wezi, kama wanapiga wanawake, kama kuna ugonjwa. Na mambo ikiharibika watu wanajua mlango wa kwenda kubisha. Leo mnakutana bila mtu yeyote katikati, kwa hivyo mimi naona swali ni moja, simu inafanya kazi gani ya jagam na gani haiwezi?

Kupeleleza inaweza, na hapa ndio naipa marks nyingi. Chukua namba yake, anza kumtumia pesa kidogo kwa M-Pesa, jina la mwenye laini linatokea kabla hujamaliza, ukishaona unakatisha. Kama alikwambia anaitwa Brian na laini inasema Mary, muulize. Weka picha yake kwa Google Lens uone kama ni ya modo fulani wa Brazil. Omba vidiokoli, hata ya dakika mbili, na umwambie ageuze kichwa na atoke nje kidogo. Hizi ni za bure ama karibu bure na zinachuja wengi sana.

Lakini kila moja iko na shimo. Kuna laini zimesajiliwa na kitambulisho cha mtu mwingine kabisa, piga *106# kwa Safaricom uone zile ziko kwa jina lako, kuna watu hupata namba hawazijui. Truecaller majina yake yanatoka kwa vile watu wamekuseivu, kwa hivyo "Conman Kondele" inaweza kuwa mwizi wa kweli ama mtu aliyekosana na eksi wake. Na picha za AI ni mbaya zaidi kwa sababu sura yenyewe haijawahi kuwa ya mtu yeyote, Google inaweza kukosa kuipata popote na wewe utadhani amepita mtihani.

Ukishatoka nyumbani nguvu ya simu inaanza kupungua, na hili watu hawapendi kusikia. Simu ndio kitu ya kwanza kuchukuliwa! Hii sio ya wasichana peke yao. Rafiki yangu wa Nakuru aliwekewa mchele, yaani dawa ya kulaza kwa kinywaji, na mtu walikutana mtandaoni, alikunywa soda, soda tu, akaamka kesho yake jioni simu hakuna, pesa imeisha na mikopo ya simu imechukuliwa kwa jina lake. Yeye alikuwa anajivunia alama ya kidole, sasa mtu amelala fofofo, kidole chake si kinawekwa tu kwa simu inafunguka. Kwa hivyo siku ya kwenda zima alama ya kidole ubaki na pini, laini yenye pesa iache nyumbani ukiweza, na kinywaji chako usikiache mezani ukienda msalani. Hiyo ya mwisho haina teknolojia ndani yake na naona inaweza kuwa imeokoa watu wengi kuliko apu.

Alafu kuna upande mwingine unanisumbua. Kila kitu tunatumia kujilinda pia kinaweza kutugeukia. Mtu anakwambia "nitumie lokesheni nikuchukue", unatuma pin ya nyumba yako kwa mtu hujawahi kuona, na ukimkataa baadaye bado anajua unalala wapi. Mkutane mahali pa watu wengi kama West End ama United Mall, panda boda yako mwenyewe. Kuna Tea pia, apu ya Marekani ya wanawake kuambiana juu ya wanaume wa deti. Julai 2025 ilidukuliwa, picha kama 72,000 zikamwagika, na kama 13,000 kati yake zilikuwa selfi na vitambulisho ambavyo watumiaji walituma kuthibitisha wao ni nani. Walitoa vitambulisho wawe salama. Hapa kwetu kuna vikundi vya kutupa picha ya mtu na kuuliza "mnamjua huyu?", na tuko na sheria ya kulinda data ya 2019, na hata bila sheria huyo mtu hajakukosea bado. Kwa hivyo mimi nasema picha na namba yake ziende kwa mtu mmoja unayemwamini, sio kwa kikundi cha watu 400.

Huyo mtu mmoja ndio kazi iko kwake, na ni kazi mimi nilifeli siku ile. Doti bila mtu anayeiangalia ni mapambo. Sasa binamu akitoka ananiachia jina, namba na picha ya huyo anaenda kuona, mahali, na namba ya mtu wa boda amempeleka. Tumekubaliana saa, tuseme saa kumi na mbili, akipitisha dakika 20 bila kuandika napiga, nikikosa napigia huyo ameenda kuona moja kwa moja, nikikosa yeye pia napigia polisi 999 nikiwa na kitu ya kusema. Tuko na neno moja la kificho, akiniuliza "umepika omena?" najua nimpigie niseme mama amelazwa, aondoke. 1195 pia ameseivu, ile laini ya bure ya watu waliofanyiwa ukatili, kwa sababu kuna vitu mtu hataki kuanza kuambia dada yake.

Mwezi wa nne kuna jamaa alimwalika Kakamega. Jina la M-Pesa lilikuwa sawa, picha hazikuwa za mtu mwingine, anaongea vizuri. Vidiokoli akakataa mara tatu, kwanza kamera imeharibika, alafu netiwaki, alafu niko na watu. Binamu hakuenda. Jamaa aliumia, akamwandikia meseji ndefu kwamba yeye ni mtu wa aibu tu na amezoea kudharauliwa, na binamu akaniletea hiyo meseji tukaisoma pamoja mara mbili. Mpaka leo hatujui.