Kiingereza kwanza au kusoma kwanza?

Kila Jumamosi asubuhi nasaidia kwenye darasa la bure la Kiingereza kwa watu wazima, lipo ndani ya maktaba moja ya umma hapa Kampala, na sisi tunaojitolea tumegawanyika. Mtu mzima ambae hajui kusoma kabisa aanze na Kiingereza moja kwa moja, au ajue kwanza kusoma kwa lugha anayoongea nyumbani?

Wanaosema Kiingereza kwanza wana hoja nzito jamani, tusiwapuuze. Fomu ya hospitali Kiingereza, barua ya shule ya mtoto Kiingereza, mahakamani Kiingereza, na mama anaeuza vitenge soko la Owino anakwambia wazi, mwalimu nimeacha biashara masaa mawili, sikuja hapa kusoma Kiswahili nilichozaliwa nacho. Alafu kuna wakimbizi wa Kongo, wengi wao walishasoma huko kwa Kifaransa, herufi wanazijua zote, ukiwarudisha ba be bi bo bu unawapotezea muda tu.

Ila hapo ndo tunapokosea, manake huyo aliesoma Bukavu huko Kongo na yule ambae hajawahi kushika kalamu tunawakalisha benchi moja.

Kuna mama mmoja alishika kalamu kwa ngumi kama mwiko wa ugali, akanakili neno "school" toka ubaoni, herufi moja moja, safi kabisa. Nikamuuliza mama umeandika nini? Akasema nimeandika ile uliyoandika. Alikuwa amechora. Na ukifikiria si kosa lake, hiyo h haisikiki, o mbili zinasomwa u, sasa mtu anaeanza atashika wapi? Baadae nikamwandikia "mama", chini yake "samaki", akakaa kimya akitembeza kidole, afu akapaza sauti, mwalimu hii ma ni ile ile! Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa, na akishaelewa kwamba herufi ni sauti, Kiingereza anakibebea hapo hapo.

Tena serikali yenyewe inajua hili. Mpango wa kisomo cha watu wazima ulioanza 1992 ulifundisha kwa lugha za wenyeji, na mtaala wa msingi tangu 2007 unataka darasa la kwanza mpaka la tatu (P1 mpaka P3) wasome kwa lugha ya eneo lao. Mtoto anapewa miaka mitatu, mzazi wake tunamrushia Kiingereza siku ya kwanza.

Ugumu ni lugha ipi. Chumba kimoja kina Waganda, Wanyankole, Wakongo. Kiswahili baraza la mawaziri lilikipitisha 2022 kifundishwe lazima mashuleni, sawa, lakini wazee wengine wa Kiganda bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi, huwezi kuwalazimisha, hao wanahitaji Luganda na mwalimu wa Luganda.

Mimi nasema tuwapime mlangoni, dakika tano, soma hapa kwa lugha yoyote unayoijua. Anaeweza aingie Kiingereza. Asieweza apewe miezi michache ya kusoma kwa lugha yake, na Kiingereza apewe cha mdomo kwanza, salamu, bei, kujieleza kwa daktari, ili asione amenyimwa alichokifuata. Itabidi tupate chumba cha pili na walimu wawili zaidi, na chumba tumeshaomba.

Yule mama sasa anaandika majina ya watoto wake wote wanne.