Gunia lenye jina la kwetu

Nilipofika Queensland, Australia, mwenye shamba ninakofanya kazi alinituma duka la mbegu. Nikakuta gunia limeandikwa "Nandi". Nilisoma mara tatu, maana Nandi, kule Kenya, ndiko nilikozaliwa. Ndani mlikuwa na mbegu za setaria, nyasi za kwetu zilizochaguliwa Kitale, kisha zikavuka bahari. Kuna nyingine wanaiita Narok, inayopendwa kwa kustahimili jalidi. Na ukishuka pwani ya New South Wales, ng'ombe wa maziwa wanalishwa nyasi ya Kikuyu, ile ile tunayoing'oa shambani tukiilaani.

Iliniuma. Nyasi ni zetu, hata majina ni yetu, lakini kwetu nyasi ni kitu kinachojiotea. Mahindi tunanunua mbegu ya paketi kila msimu. Ng'ombe wa gredi tunamlipia daktari aje kumpandisha kwa mrija. Halafu huyo huyo tunamfunga kando ya barabara ajitafutie!

Huku Australia nyasi ni zao la shambani, kama mahindi. Mfugaji anajua jina la kila aina iliyo shambani mwake, na kasoro zake pia: setaria ina oksaleti, kemikali inayomnyima farasi kalsiamu, kwa hiyo farasi hawaachwi humo. Ukame unawapiga kama unavyotupiga sisi, ila wengi huwa wamefunga marobota ya nyasi kavu mapema.

Wazee wa Trans Nzoia watakumbuka kwamba Kenya Seed, tunayoijua kwa mahindi, ilianzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho ya walowezi. Kazi hiyo hatukuletewa juzi. Najua mbegu hizi ni ghali, na sababu ipo: masuke hayaivi pamoja, yaliyotangulia hudondosha mbegu kabla ya mengine kukomaa, na upepo huchanganya chavua ya aina mbili zikiwa jirani. Hapo ndipo ningependa vyama vyetu vya ushirika wa maziwa viingie. Wanachama wachache watenge ekari moja moja, mbali na setaria nyingine, wavune mbegu, wawauzie wenzao. Chama kinachoweza kukusanya maziwa alfajiri kila siku hakishindwi na hilo.

Mimi nimemtumia kaka pesa za mbegu, ameshalima robo ekari nyuma ya zizi. Juzi Mama alinipigia simu kuuliza kama kweli nyasi nazo hupaliliwa. Nikamwambia ndiyo Mama, wiki za mwanzo palilia kama mahindi, na ng'ombe asiingie humo mpaka zishike mizizi.